Kwa wahadhiri vijana: kabla hamjacheka, pimeni

Wanangu,

Wiki iliyopita niliketi nyuma ya ukumbi nikimsikiliza binti akiwasilisha matokeo yake ya uzamili. Vipimo vyake vya udongo havikukubaliana na kitabu. Mmoja wenu akamkata kauli: "Wewe ni nani upinge yaliyokwisha kuthibitishwa?" Ukumbi ukacheka. Hakuna aliyemuuliza alipimaje. Nilirudi nyumbani chakula hakipiti.

Mmemsahau Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba Sekondari, alitia kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado moto, yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake hakuyachemsha. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na jina lake likageuka dhihaka ya darasa. Alipomuuliza mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, wenzake wakamcheka tena. Osborne naye alikuwa na shaka, ila aliagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara akarudi na habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, na kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Tabia ya fundi huyo ndiyo niliyoiona ukumbini wiki iliyopita. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja. Wanafizikia wangali wanabishana juu ya matokeo hayo, na ubishi wao ni halali kwa sababu wanapima.

Sisi wazee nasi hatuna mikono safi katika kosa hili. Nyumbani mtoto akiuliza twamwita mjeuri, shuleni anachapwa, kisha chuoni twashangaa hana hoja.

Nanyi mnaopenda kupinga, msijifiche nyuma ya Mpemba. Peter Duesberg, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, alikana kwamba VVU husababisha UKIMWI, na ushahidi ulipomwelemea hakurudi nyuma. Mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki akamweka kwenye jopo lake la ushauri. Dawa zikacheleweshwa, watafiti wa Harvard walikadiria kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000 Afrika Kusini. Azimio la Dar es Salaam la 1990 liliweka uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii katika waraka mmoja. Lisomeni lote.

Someni majedwali kabla ya hitimisho. Msimdhalilishe mwanafunzi mbele ya wenzake. Chapisheni hata matokeo yasiyowapendeza wafadhili.

Na yule binti, mwiteni. Ketini naye maabara, mrudie vipimo vyake vyote kabla muhula haujafungwa.