Utomvu wa ndizi haufuliwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo linalonikaa moyoni wiki ya pili sasa. Mjukuu wangu wa miaka tisa alinidanganya. Nilimtuma chumvi dukani, akarudi na chumvi bila chenji, akasema mwenye duka hakuwa na pesa ndogo. Nikamwambia kama mama alivyokuwa akiniambia mimi: "Uongo ni utomvu wa ndizi, ukikauka haufuliwi." Akanitazama kwa adabu zote, akauliza, "Bibi, utomvu ni nini?"

Mtoto wa Moshi huyo, Mhariri, na mtori wa ndizi anakula kila wiki.

Mama yangu aliuza ndizi soko la Mbuyuni. Kwao ni Uru, lakini sisi tulikulia Njoro, na miaka yote ninayoikumbuka viganja vyake vilikuwa na weusi usiotoka hata kwa jiwe la kusugulia miguu. Aliyewahi kumenya ndizi mshare mbichi anajua. Utomvu ukidondokea nguo ni kama tone la maji, unapangusa unaendelea na kazi. Kesho yake unakuta doa la kahawia, na hapo hata uchemshe.

Mimi nilifundishwa maneno hayo mwaka 1981, nikiwa darasa la tano. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha, lakini sukari na sabuni zilikuwa za foleni. Mdogo wangu alikuwa mgonjwa na uji usio na sukari hanywi, basi mama akanipa pesa na mfuko, nishike foleni mpaka nipate. Nilisimama mpaka jua likawa kali. Wenzangu wakapita wanakwenda kuogelea mto Rau, nikawafuata. Jioni nikamwambia mama sukari imeisha kabla zamu yangu haijafika. Hakusema kitu, akaendelea kumenya ndizi. Haukupita muda mama jirani akapiga hodi. "Mwanao alikuwa mbele yangu kwenye foleni, mara simwoni. Nimewaletea kikombe kimoja cha mgonjwa."

Mama alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akamsindikiza jirani hadi njiani. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kuchapwa. Aliporudi alichukua shati langu jeupe la shule, akaokota ganda la ndizi, akalisugua pindoni chini ya kifungo cha mwisho, mahali panapochomekwa ndani ya sketi ili nisichekwe. "Leo unaona kitu?" Nikasema sioni. "Haya. Kesho utalifua." Nililifua kesho yake, na Jumamosi yake, na nyingine. Shati lilinibana na doa likiwa bado lipo.

Methali kama "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" au "Mchelea mwana kulia hulia yeye" hazitapotea. Zimo vitabuni, watoto wanazijaza kwenye mitihani. Ninazozililia ni zile ambazo mama mwenyewe alizitoa kwenye kazi iliyokuwa mikononi mwake. Hizo hazikuandikwa popote, na kazi ikiondoka nyumbani msemo unabaki hauna pa kushika. Ndiyo maana mtoto akaniuliza utomvu ni nini.

Nilipozidi kwenda kuazima penseli kwa wenzangu, mama alininyooshea kidole mlimani: "Utachongoka kama Mawenzi." Wachaga wenzangu wanakijua kisa cha Mawenzi na Kibo, vilele viwili vya Kilimanjaro. Mawenzi aliachia moto wake uzime, kila mara anakwenda kuomba makaa kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka akampiga, na ndiyo sababu kilele chake kiko vile mpaka leo. Sokoni nako alikuwa na neno lake: "Chana ya chini ndiyo mkungu." Wanunuzi wengi huvutwa na chana za juu zilizonenepa. Yeye aliuinua mkungu kwanza, akatazama chana ya mwisho, iliyo karibu na ua, ndipo akataja bei. Dada yangu alipoleta mchumba, kijana wa viatu vinavyong'aa na mwenye maneno mazuri, mama alimkaribisha vizuri, akampikia. Alipoondoka akamwuliza dada, "Chana ya chini umeiona?" Dada akacheka tu.

Hapa lazima niseme na lile linaloniuma. Dada huyohuyo aliporudi nyumbani usiku, amepigwa, mama alimwambia kama walivyoambiwa wote wa rika lake: "Ndoa ni kuvumilia." Akarudi kwa mumewe. Leo sikio lake la kushoto halisikii. Msemo huo nimeukataa. Sikuwaambia binti zangu na wajukuu hawatausikia kwangu. Mama mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alimwita dada, akamshikisha jani la isale mbele yetu sote. Kwa desturi yetu, anayekuja na isale kuomba msamaha humkatalii. Dada alilipokea, wakalia wote wawili.

Siwalaumu akina mama wa sasa. Mimi ni fundi cherehani, nakaa barazani, nawaona wakipita. Wengi wanafika nyumbani usiku mtoto ameshalala, watayasema saa ngapi? Lakini sisi bibi tupo, na tunachofanya ni kurushiana kwenye simu maneno yaliyopambwa maua. Jumamosi iliyopita nilimchukua mjukuu hadi Mbuyuni, tukanunua mkungu wa mshare, akamenya mwenyewe kwa kisu kidogo. Fulana yake sasa ina madoa matatu. Ile chenji alishairudisha.

Mhariri, ombi langu ni hili. Wasomaji watuletee maneno ya mama zao, na waeleze mama alikuwa anafanya kazi gani alipoyasema. Nami nina shida yangu. Asubuhi, kabla ya kujitwisha tenga, mama alisimama uani akautazama mlima, akasema: "Kibo akivaa kilemba asubuhi..." na mwisho wake siukumbuki. Dada naye haukumbuki. Sijui lilihusu mvua au mtu mwenye majivuno. Kama yuko mama yeyote aliyeuza ndizi Mbuyuni miaka ile ya themanini, upande wa mikungu, na alilisikia, naomba aliandike hapa gazetini.

Fundi cherehani,
Njoro, Moshi