Mwanangu si mgonjwa, anahitaji pa kwenda asubuhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya vijana wetu wenye ulemavu wa akili hapa Dodoma. Kila nikimtaja mwanangu, hakosi mtu wa kunishauri nimpeleke Mirembe. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, na mwanangu haumwi. Amezaliwa hivyo, anajifunza taratibu, na hakuna kidonge cha hilo.

Alisoma kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi. Miaka ile nilipumua. Alipomaliza, miezi ya mwanzo aliendelea kuvaa sare kila asubuhi na kusimama mlangoni akinisubiri nimpeleke. Hadi sare ikambana. Sasa ana miaka 22.

Mwaka jana kina mama watatu tuliomba chumba kanisani, tukaanza na vijana sita, Jumanne na Alhamisi. Tunachambua karanga, tunakaanga, tunafunga mifuko ya shilingi mia mbili. Mwanangu hajui kuhesabu kupita tano. Kwa hiyo tumempa kikopo cha nyanya: vikopo viwili, mfuko mmoja. Akishafunga anauweka kwenye trei ya mayai, kila tundu mfuko wake. Trei ikijaa ni mifuko 30, shilingi 6,000, naye anapiga makofi. Hesabu imefanywa na trei.

Siku moja alikuja dada wa kujitolea, binti mwenye moyo mzuri kabisa. Akamwona anakawia, akachukua kikopo: "Lete nikusaidie." Mifuko kumi ikafungwa chapuchapu. Mwanangu akaweka mikono mapajani na hakugusa karanga tena hadi tunafunga mlango. Tangu hapo mgeni yeyote tunamwomba akae pembeni yake, akikwama amwonyeshe mara moja, halafu amwachie. Ni kazi ngumu kuliko kufunga karanga, na wengi hawaiwezi. Hata mimi mama yake inanishinda nikiwa na haraka.

Sasa nije kwenye fedha. Tulipokwenda kuuliza msaada ofisini, tuliambiwa tuombe mkopo, kwa kuwa asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Nashukuru utaratibu huo upo, na kwa fundi cherehani asiyesikia au muuza duka anayetembelea kiti cha magurudumu unafaa sana. Lakini mkopo hurejeshwa. Karanga zetu zinalipa kuni na nauli za bodaboda, basi. Tunachokosa ni mtu mmoja wa kulipwa posho akae na vijana hawa siku mbili kwa wiki, maana sisi wenyewe tuna meza sokoni Majengo na tukifunga meza hatuli. Huyo mtu hazalishi faida ya kurudisha deni.

Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010. Tuna Desemba 3 pia, siku yao ya kimataifa: fulana, soda, picha na mgeni rasmi. Desemba 4 mwanangu yuko kwenye mkeka.

Ombi langu kwa halmashauri ni dogo. Itenge posho ya mtu huyo kwa kila kata yenye vijana wa namna hii, na ofisi za mitaa zitoe chumba siku ambazo hakina mkutano. Maafisa ustawi wa jamii wanazijua nyumba zetu. Na kama kuna mtaa wowote, iwe Kondoa, Singida au kwingineko, ulioshapata njia ya kumlipa mtu wa namna hiyo, tafadhali waandike humu gazetini watuambie walianzaje. Chumba cha kanisa tunacho hadi mwezi wa sita tu.

Mama mzazi,
Chang'ombe, Dodoma