Athu, nisaidie na huyu Rukia

Athu wangu,

Assalaam aleikum. Miezi minane kimya, najua, na kosa ni langu, nisamehe kakangu. Sisi wazima alhamdulillah. Bi mkubwa vipi, mguu umepoa? Mpe salamu zangu, mwambie ile dawa ya kuchua nishanunua, namtafuta tu mtu wa kumpa aje nayo.

Sasa barua hii ina shida ndani, nakwambia mapema.

Likizo ya Aprili Mama Rukia na watoto walikuja huku Doha wiki tatu. Souq Waqif tumeenda, Corniche tumeenda, lakini Rukia tangu anatoka Mombasa neno lake moja tu, Al Shaqab, Al Shaqab, lile shamba la farasi. Si unakumbuka ni wewe uliyemfundisha kule Lamu kuinua mguu wa punda, ana miaka tisa? Basi haijamtoka mpaka leo. Nkalipia ziara, tukapanda metro mstari wa kijani, hata kituo chenyewe kinaitwa Al Shaqab.

Athu, nimekaa Doha miaka sita na sikujua kama pale kuna mambo namna ile. Shamba la kuzalisha farasi wa Kiarabu, lilianzishwa 1992 na Sheikh Hamad, yule aliyekuja kuwa amiri wa Qatar, na mahali penyewe Waqatari walipigana na Waturuki 1893, kwa hivyo wanapaheshimu sana. Mabanda yana AC (nilizikagua, kazi ni kazi), kuna bwawa la farasi kuogelea, hospitali ya farasi iko papo hapo. Aliyetutembeza alituhadithia habari za Marwan, dume aliyezaliwa hapo mwaka 2000 akawa bingwa wa dunia, na babake Gazal alipelekwa mpaka Poland kuzalisha, wakati hao Wapoland wenyewe ndio mabingwa wa farasi wa Kiarabu tangu zamani. Mama Rukia kusikia hivyo akauliza farasi nao huposwa ng'ambo, tukacheka wote.

Lakini nikufikishe kwenye jambo lenyewe. Kulikuwa na farasi jike mweupe peee anaoshwa kwa mpira, na ubavuni kitoto chake cha wiki tatu hivi, cheusi karibu kama mkaa. Kitinda mimba wetu akasema huyu si wake, wamemchanganya. Rukia akachuchumaa akamwambia tazama maji yanapopita. Kweli bwana, manyoya yakilowa unaona ngozi chini ni nyeusi tii. Akamwambia hawa weupe huzaliwa wa rangi, halafu manyoya yanapauka mwaka baada ya mwaka, huyu mdogo naye huenda akaja kuwa kama mamake. Yule mtembezaji akanyamaza akamwachia aendelee! Uso ule wenye kibonde chini ya macho, matundu ya pua yanavyopanuka, mkia unaosimama akikimbia, yote anayajua, akaeleza na zile koo za farasi wa Mabedui, Kuhaylan, Saqlawi, na kwamba jike ndiye aliyekuwa akilazwa hemani na watoto. Mimi nkamtazama mwanangu kama namuona siku ya kwanza.

Pale akatokea daktari, mwanamke, buti miguuni, akaweka sikio lile la kupimia kwenye tumbo la jike mwingine. Rukia akamuuliza kama ni kweli farasi bingwa hutolewa kiinitete, ile mimba changa, kikatiwa kwa jike mwingine abebe ile miezi kumi na moja. Yule mama akasema ndiyo, akamweleza kama robo saa, kisha akamwambia soma sana.

Tangu siku hiyo mtoto anataka Kabete, chuo kile cha Nairobi. Udaktari wa mifugo, basi, hasikii lingine. Na Mama Rukia anataka uuguzi, anasema mtoto wa kike ataenda kuchanja ng'ombe maporini na nani? Wiki ya mwisho hawakuongea vizuri, uwanja wa ndege walikaa viti mbalimbali, na mimi nimebaki huku nikipigiwa simu na kila mmoja kivyake. Mimi namuunga mkono Rukia, sikufichi. Lakini nikisema mimi inakuwa nimemharibu kwa kumpeleka kwa farasi. Wewe Mama Rukia anakusikiliza, tena umepita Kabete, unakijua unachosema.

Ni huyo mtoto tu, Athu. Nikifumba macho namuona amechuchumaa kwenye maji yale.

Hebu nijibu. Ile miaka mitano ya Kabete kwa sasa inagharimu kiasi gani, na mkopo wa serikali unapatikana? Yuko form three, kemia na bayolojia ziko juu ila fizikia inamsumbua, itamzuia? Wasichana wa kozi yako waliishia kazi gani, kuna hata mmoja anayetibu farasi hapo Kenya? Na Agosti unaweza kumchukua wiki moja akufuate kazini, umuonyeshe na yale machafu, usimfiche kitu? Utapita Kisauni lini uongee na mamake? Ukienda, nenda jioni baada ya magharibi, asubuhi yuko dukani hatakusikiliza.

Wako,
Saidi