Seva ikigoma kuwaka, diski isifutwe kabla haijasomwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linaloniumiza kwa muda mrefu, nalo ni tabia ya mafundi kompyuta kuifuta diski ya seva mara tu seva inapogoma kuwaka. Ushauri huohuo huonekana hata katika makala za teknolojia: seva inayotumia mfumo endeshi wa Unix au wa Linux isipobuti, yaani isipowaka, futa diski na uweke mfumo upya. Nimetunza seva kwa miaka mingi, na ninaandika kwa sababu nimeshuhudia hesabu za ofisi nzima zikipotea kwa ushauri huo, ilhali diski iliyozibeba haikuwa na ugonjwa wowote.

Seva ninayoikumbuka ilikuwa na diski mbili zilizofungwa pamoja kwa mpangilio wa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa pia kwenye nyingine, ili moja ikifa ya pili iendeleze kazi. Diski ya kwanza ilikufa kimyakimya. Seva haikusimama, kwa kuwa ndivyo ilivyokusudiwa, na hakuna aliyetambua hadi siku ilipozimwa na kuwashwa tena, ambapo ilitoa mstari mmoja mweupe juu ya skrini nyeusi kusema kwamba hakuna diski ya kuwashia. Fundi wa kwanza kuitwa alihitimisha kwamba diski zote mbili zimekufa. Alipojaribu kuifomati ya pili ikakubali, naye badala ya kushtuka kwamba kumbe ilikuwa nzima, akaendelea hadi mwisho na kuweka mfumo mpya. Mimi niliitwa siku iliyofuata ili nirudishe hesabu. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya miezi saba iliyopita.

Kosa lilikuwa dogo kuliko hasara yake. Programu ya kuwashia, ambayo kwenye seva nyingi za Linux huitwa GRUB, haikai yote ndani ya patisheni, yaani mafungu ya diski, ambazo RAID inazinakili. Katika mashine zinazotumia bayosi, programu ya ubao mama inayoanza kabla ya nyingine zote, kipande chake cha kwanza hukaa kwenye sekta ya mwanzo kabisa ya diski, sekta ya baiti 512, ambamo baiti 446 ni za msimbo wa kuwashia, 64 ni za jedwali la patisheni, na mbili za mwisho, 55 na AA, ni alama ya kuithibitishia bayosi kwamba diski hiyo inaweza kuwasha mashine. Aliyeisimika seva ile aliweka GRUB kwenye diski ya kwanza tu. Diski ya pili ilikuwa na kila faili na kila hesabu, ila ilikosa msimbo huo wa kuwashia wa mwanzoni. Ingetosha kuiwasha mashine kwa flashi yenye Linux, kuunganisha mfumo wa faili wa diski hiyo, kuingia ndani yake kwa amri ya chroot, kisha kuendesha grub-install, amri inayoiweka GRUB kwenye diski. Kwa mtu aliyezoea, hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Ninachoomba kieleweke ni kwamba seva haiwaki kwa mkupuo mmoja. Kidogo humwamsha kikubwa, na kikubwa humwamsha kikubwa zaidi. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani: Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, ilipohamia kwenye kompyuta za PDP-11, mashine isiyokuwa na ROM ya kuwashia, yaani kumbukumbu ya kudumu yenye maagizo ya kuanzia, iliingiziwa maagizo machache kwa swichi za mbele, na kazi pekee ya maagizo hayo ilikuwa kusoma bloku ya kwanza ya diski, ambayo nayo ilijua namna ya kuutafuta mfumo wenyewe. Leo swichi hazipo, lakini mnyororo ni uleule, na kila pete ya mnyororo huo inapokatika huacha maneno yake kwenye skrini. Fundi anayefomati bila kuyasoma maneno hayo anafanana na tabibu anayempasua mgonjwa bila kumuuliza anaumwa wapi.

Mashine ikidai haioni diski yoyote, shida bado haijafika kwenye Unix hata kidogo. Hapo hukaguliwa waya, umeme wa diski, na mipangilio ya bayosi, hasa kama saa ya mashine nayo imerudi nyuma miaka kadhaa, kwa maana hiyo ni dalili kwamba betri ndogo ya ubao mama imekwisha na mipangilio yote imejirudisha ya kiwandani. Katika mashine za UEFI, iliyochukua nafasi ya bayosi, ubao mama ukibadilishwa, orodha ya mahali pa kuwashia huondoka na ubao wa zamani, na diski iliyo nzima kabisa huweza kuonekana kama haina kitu. Ikitokea alama ya kusubiri amri yenye maneno “grub rescue”, hiyo ni habari njema kuliko inavyotisha: kipande cha kwanza cha GRUB kimepakiwa, diski imesomeka, na kinachokosekana ni njia ya kufikia saraka ambamo GRUB huweka sehemu zake nyingine. Mara nyingi mtu amebadilisha mpangilio wa patisheni. Amri ya ls hapohapo huonyesha diski na patisheni zilizopo, na kwa subira kidogo saraka hiyo hupatikana.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikianza kisha ikasimama kwa kulalamika kwamba haiwezi kuunganisha mfumo mkuu wa faili, basi bayosi, GRUB na kerneli vyote vimetimiza wajibu wao. Kinachobaki ni ama GRUB kuipa kerneli anwani isiyo sahihi ya patisheni, ama ile initramfs, furushi dogo linalopakiwa pamoja na kerneli, kukosa dereva ya kidhibiti cha diski. Hili hutokea sana pale diski inapohamishiwa kwenye mashine nyingine, au patisheni ya /boot inapojaa kerneli za zamani hadi furushi jipya likaandikwa nusu. Na seva ikisubiri kwa sekunde 90 kisha ikaomba nenosiri la msimamizi, fungua /etc/fstab, faili yenye orodha ya diski na patisheni za kuunganishwa seva inapowaka. Yaelekea kuna mstari unaotaja diski iliyokwisha kuondolewa. Mstari mmoja, Mhariri, na kuna watu wamefuta seva nzima kwa sababu yake.

Sikatai kwamba diski huharibika kweli. Hapo ndipo uangalifu unapohitajika zaidi, na ndipo ninapoona haraka kubwa kuliko mahali pengine popote. Mafundi wengi hukimbilia fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, na kuijibu “ndiyo” kwa kila swali. Programu hiyo huandika kwenye diski. Ikiendeshwa juu ya diski ambayo sekta zake zinakufa, hufanya maamuzi kwa kutegemea taarifa zilizosomwa kwa makosa, na faili zilizokuwa na majina na mahali pake huishia katika saraka ya lost+found zikiwa na namba tupu. Kwanza isomwe taarifa ya afya ya diski kwa smartctl, na macho yaangalie idadi ya sekta zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Idadi hiyo ikiwa inapanda, diski inakiliwe kwanza kwenye diski nyingine kwa ddrescue, ambayo huchukua maeneo mazima kwanza na kuyarudia mabovu baadaye, na matengenezo yote yafanyike juu ya nakala.

Nitoe mfano mmoja wa jinsi haraka inavyoweza kuua. Mfumo wa faili wa ext4 huhifadhi maelezo yake makuu katika bloku iitwayo superblock, na ikiharibika mfumo wote huonekana umetoweka. Lakini zipo nakala zake ndani ya diski hiyohiyo. Bloku zikiwa za baiti 4,096, ya kwanza huwa kwenye bloku namba 32768, na e2fsck, yaani fsck ya mifumo ya aina hii, inaweza kuelekezwa huko kwa chaguo la -b. Wapo wanaofundisha kutafuta nakala hizo kwa amri ya mke2fs pamoja na chaguo la -n, ambalo huorodhesha mahali zilipo bila kuandika chochote. Amri hiyohiyo bila -n huunda mfumo mpya wa faili juu ya ule wa zamani. Herufi moja imesimama kati ya kuokoa na kuangamiza, na mtu anaiandika usiku akiwa amechoka, simu inaita, na wakubwa wamesimama nyuma ya kiti chake. Ndiyo maana nasisitiza amri kama hiyo iendeshwe juu ya nakala, kamwe isiwe juu ya diski ya asili.

Ombi langu kwa gazeti lako ni kwamba makala za teknolojia zinapogusa suala hili, ziache kutaja kuweka mfumo upya kama hatua ya kwanza. Kwa walimu wa vyuo vinavyofundisha ufundi huu, naomba mitihani ya vitendo iwe na seva iliyoharibiwa makusudi katika hatua moja ya kuwaka, na mwanafunzi apewe alama kwa kuitaja hatua hiyo kabla hajaruhusiwa kugusa kibodi. Na kwa wenzangu wenye seva za RAID 1 zinazofanya kazi vizuri leo: chagueni siku ya matengenezo, hakikisheni nakala rudufu ipo na inasomeka, zimeni seva, chomoeni diski ya kwanza, kisha muiwashe kwa ya pili peke yake.

Wako katika kazi,
Mtunza seva