Uchaguzi wa mwenyekiti Jumapili

Wapendwa, habari za jioni. Kikao ni Jumapili saa 10, Mwanga, palepale tunapoangalia mbio za magari.

Kuna mtu jana kaweka picha ya mgombea mmoja iwe picha ya kikundi. Nimeitoa. Kaka yetu huyo namheshimu sana, ila kikundi ni cha wagombea wote.

Mnakumbuka uchaguzi wa FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, mwaka 2009? Max Mosley, rais aliyekuwa anaondoka, alimuunga mkono waziwazi Jean Todt, bosi wa zamani wa Ferrari. Todt akamshinda Ari Vatanen kura 135 kwa 49. Pengine angeshinda tu, lakini maneno hayakuisha. Na Desemba 2025 rais wa FIA, Mohammed Ben Sulayem, alipita tena bila mpinzani: mgombea alitakiwa awe na makamu kutoka kila kanda, na Amerika Kusini lilikuwapo jina moja tu, tayari liko upande wake. Kanuni imefuatwa, wapinzani wamekwama mlangoni!

Kwa hiyo mimi na mweka hazina hatumpigii mtu debe. Kura ni ya siri, kwa karatasi. Atahesabu mama mwenye kibanda, ambaye mbio hazimhusu hata kidogo. Kaomba soda tu.