Barua kwa Ndeshi: mkaa wa mifupa

Sakina, Arusha
15 Desemba 2024

Ndeshi shoga yangu,

Mwalimu wetu wa Kiswahili angetaka nianze na "dhumuni la barua hii", lakini dhumuni nimeliweka chini kabisa, kwa hiyo usiruke. Huku wazima. Mvua inanyesha toka alfajiri, Mlima Meru hauonekani, nami nimekaa jikoni na chai.

Wiki nzima iliyopita nilikuwa naandika mafanikio ya utafiti ya idara yetu kwa mwaka huu. Mimi, fundi wa maabara! Mkuu wa idara alinikabidhi fomu akasema, "Haika, wewe ndiye uliyekuwepo kila siku." Hapo hakukosea. Watafiti huja na kuondoka, mwenye ufunguo wa stoo habanduki.

Fomu inauliza makala zilizochapishwa, fedha za miradi, waliohitimu, tuzo. Nimejaza. Kijana wetu wa kantangaze amemaliza uzamivu wake. Unamkumbuka yule mdudu wa nyanya, aliyegunduliwa nchini kwa mara ya kwanza huko kwenu Ngarenanyuki mwaka 2014, akafyeka mashamba mpaka watu wakambatiza hilo jina? Sasa kijana ameifundisha simu kumtambua kwa picha ya jani. Wakulima wanasema wao wanamtambua bila simu, wanachotaka ni dawa inayomuua. Hilo sikuliandika. Kwenye tuzo nimeacha wazi. Tangu Dkt. Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru achukue ile tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015, kwa chujio lake la maji la mchanga na chembechembe ndogo mno za nano, kila mgeni anayetutembelea anadhani Arusha nzima tuna chujio la kumwonyesha.

Kilichokula mwaka wangu mimi hakina nafasi kwenye fomu. Ni mkaa wa mifupa.

Habari ya maji ya kwenu unaijua. Miamba ya volkano ya Meru inaachia floraidi, madini yanayotia meno madoa yakizidi, kwenye chemchemi na mito, na sisi tuliolala nawe bweni moja tuliijua kabla ya kuijua kemia: ulikuwa ukicheka unaziba mdomo kwa kiganja. Wengine walidhani ni maringo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa nchini kwa miaka mingi tulijiwekea 4, maana tungeshika 1.5 vijiji vizima vingebaki bila maji halali. Siku hizi na sisi tuko kwenye 1.5, na chemchemi ziko palepale.

Mkaa wa mifupa ndio unaoikamata hiyo floraidi. Mifupa ya ng'ombe tunaichukua machinjioni, tunaichemsha itoe mafuta, tunaianika, kisha inaingia tanuruni na hewa inabanwa. Kazi yote iko kwenye rangi. Ikitoka na mafuta mafuta haijaiva, maji yatanuka supu ya juzi. Ikitoka nyeupe kama chaki imepitiliza: inapendeza macho lakini haikamati floraidi sawasawa. Tunataka kijivu kilichoelekea weusi, na ukigonga vipande viwili vilie kama vigae. Mwezi wa tatu niliunguza tanuru zima. Nilitoka kupokea simu ya shuleni kwa mtoto, kurudi nakuta chaki tupu, magunia matatu. Niliyamwaga kwenye migomba. Angalau ndizi zimenenepa.

Agosti tukapeleka huko kwenu ndoo za kuchujia maji, zenye mkaa huo ndani. Noah ilikatiza hifadhini, twiga wawili wakasimama barabarani, mtafiti wetu mgeni akapiga picha mpaka dereva akanuna. Kwenye mkutano mzee mmoja akauliza, "Hiyo mifupa ni ya mnyama gani?" Mtafiti akaanza kueleza kalsiamu na fosfati. Mzee akarudia, taratibu zaidi, "Mnyama gani?" Nikasimama nikasema, "Ng'ombe, baba. Nimeichemsha kwa mikono yangu." Akaketi. Swali lile likijibiwa kwa fosfati, ndoo zote zingeishia kuwekewa mbegu za mahindi.

Mama yako alinivuta pembeni. "Mwanangu, mimi maji nachemsha siku zote, kwa nini tena haya?" Ikabidi nimweleze kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Alinitazama kama niliyemwibia kitu. Miaka yote ile ya kuni! Nikamwomba pia apunguze magadi kwenye maharage, maana nayo yana floraidi, na hapo tukakosana kidogo. Chai ya kwanza ya maji ya ndoo aliionja, akakaa kimya, akasema, "Nyepesi." Lakini wajukuu akawamiminia. Wale wawili hawajafika miaka 8, meno yao ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya ufizi. Yetu mimi na wewe yameshatoka.

Sasa dhumuni. Mkaa huchoka. Ukishashiba floraidi, maji yanapita kama yalivyoingia, na hakuna jicho wala ulimi utakaokuambia, mpaka upime. Mradi unafungwa Juni na mkaa wa kubadilishia hauna bajeti. Nilimuuliza mkuu wa idara hilo niliandike wapi. Akafikiri, akasema si mafanikio, na changamoto ya mwaka huu pia si, ni ya mwaka ujao.

Kwa hiyo ukienda nyumbani Krismasi, chota maji ya ndoo ya mama, lita moja inatosha, kwenye chupa ya plastiki. Usitumie ya kioo, floraidi hushikana na kioo na kipimo kitadanganya. Isuuze mara tatu kwa maji yaleyale kabla ya kujaza, bandika tarehe. Chota na chupa ya pili bombani, ya kulinganisha. Ukirudi pitia Sakina. Maabara nitaifungua hata sikukuu. Na kaka yako mwenye pikapu mwambie kuna magunia mawili ya mkaa mzuri, kijivu safi, chini ya meza yangu stoo. Kwenye daftari hayamo. Aje kabla ya tarehe 5, baada ya hapo wanakuja kuhesabu vifaa.

Wako,
Haika