Kabla hujailaumu bunduki, tuletee magazini yake

Ikifika Mei, simu nyingi za karakana yetu hapa Arusha huanza na maneno yale yale: "Fundi, bunduki inakwama." Msimu wa uwindaji hufunguliwa tarehe 1 Julai, kwa hiyo kampuni zinakagua makabati ya silaha, na wenye mashamba wa Karatu na Magugu nao wameshachoka kulima chakula cha ngiri. Bunduki inaletwa imefungwa vizuri kwenye begi. Ukiuliza magazini, kile kisanduku cha kuwekea risasi, iko wapi, jibu ni kwamba imebaki nyumbani, kwa kuwa "hiyo ni plastiki tu, haina shida".

Shida mara nyingi iko hapo hapo. Kwenye bunduki za bolti (kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono ili kuingiza risasi) zenye magazini ya kuchomoa, malalamiko mengi ya kukwama tunayoletewa huishia kwenye magazini, au kwenye jinsi magazini inavyokaa ndani ya bunduki. Mtutu na bolti huwa vimeonewa. Ndiyo maana tumeandika makala haya kwa wateja wetu wenye leseni: ujue la kutazama, ujue la kutuambia, na usipoteze siku nzima kutoka Moshi au Babati ukiwa umebeba nusu tu ya tatizo.

Kwanza tuitendee haki plastiki. Wako wazee wetu, wawindaji wa siku nyingi, ambao hawataki hata kuisikia. Lakini jeshi la Austria lilichukua bunduki ya Steyr AUG mwishoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na magazini ya plastiki inayoonyesha risasi zilizobaki ndani, na Tikka T3 ya Finland, bunduki ya kuwinda iliyoingia sokoni mwaka 2003, ilikuja na magazini ya plastiki tangu mwanzo. Malighafi inayotumika sana ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Haishiki kutu, ni nyepesi, na ikianguka haibonyei. Magazini ya chuma inaweza kupinda kidogo pale juu ukaendelea kuitumia mwaka mzima bila kujua. Ya plastiki ikigongwa ama inarudi ilivyokuwa, ama inapasuka ukaona.

Tatizo ni kwamba plastiki ina tabia zake, na wengi wetu tunaitunza kana kwamba ni chuma.

Magazini ina kazi moja: kuinua risasi hadi kimo sahihi, kwa mwinamo sahihi, na kuishikilia hapo mpaka bolti iisukume mbele kuelekea chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Kinachoishikilia ni zile kingo mbili za juu zilizojikunja kwa ndani, ambazo sisi mafundi tunaziita midomo. Midomo ikifunguka kidogo tu, chini ya milimita moja, kazi yote inavurugika. Kwa hiyo mteja akisema "inakwama", swali letu la pili ni: ilikwama ikiwa imekaaje?

Ukituambia bolti ilipita juu ya risasi na kufunga chemba tupu, tunashuku magazini imekaa chini mno. Huenda komeo lake limelika, au kijishimo kwenye plastiki ambacho komeo hushikilia kimekuwa mviringo kwa matumizi. Shika magazini ikiwa ndani ya bunduki tupu, isukume juu, ivute chini. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikicheza hadi unasikia inagonga, tumepata pa kuanzia.

Ukituambia ncha ya risasi iliinama na kugonga ukuta wa mbele wa magazini, basi springi imechoka, au kile kibao kinachobeba risasi kinapanda upande. Vumbi hufanya hivyo pia. Watu huogopa kuacha risasi ndani ya magazini wakidhani springi itachoka kwa kubanwa. Springi nzuri huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa.

Midomo ya plastiki ni habari nyingine. Plastiki ikibebeshwa mzigo muda mrefu hulegea polepole na haikumbuki umbo lake la kwanza, na joto huharakisha mambo. Magazini iliyojazwa, ikaachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser lililoegeshwa juani Longido, inabanwa kwa ndani na springi huku plastiki ikiwa imepata joto kali. Ukirudia hivyo msimu mzima, midomo inapanuka. Dalili yake ni risasi kuruka juu mapema, kabla bolti haijaishika, au mbili kutaka kutoka kwa pamoja. Magazini ya namna hiyo haitengenezeki. Wako wanaoichovya kwenye maji ya moto na kuibana kwa koleo, na kwa siku mbili tatu inaonekana imepona. Sisi hatufanyi kazi hiyo hata ukitubembeleza.

Kuna kukwama ambako si kwa risasi kabisa: bolti inakuwa nzito, kama inakwaruza kitu. Hapa tunaangalia skrubu zinazoshika bunduki kwenye kitako. Kitako cha plastiki kisicho na nguzo za chuma ndani yake hubonyea skrubu zikikazwa kupita kiasi, na hapo magazini inapanda juu hadi kusuguana na tumbo la bolti. Mteja anatuletea bunduki "iliyoharibika ghafla", kumbe wiki iliyopita kijana wa kambini aliikaza kwa nguvu zake zote kwa nia njema. Kazi ya namna hii huchukua muda mfupi. Vivyo hivyo ukibadilisha kitako: magazini iliyokuwa inakaa sawa kwenye kitako cha zamani inaweza kukaa juu zaidi au chini zaidi kwenye kipya, na hakuna kosa la magazini hapo.

Halafu kuna urefu wa risasi, na hapa tungependa wateja wawe makini kuliko wanavyokuwa. Risasi ya .308 Winchester ina urefu wa juu kabisa wa milimita 71 hivi. Ya .30-06 inafika karibu milimita 85, na ya .270 hali kadhalika, kwa kuwa ganda la .270 linatokana na ukoo huo huo. Baadhi ya watengenezaji hutumia umbo moja la nje la magazini kwa kaliba (ukubwa wa risasi) zaidi ya moja, na tofauti iko ndani tu. Matokeo yake, magazini isiyo yake inaingia vizuri, inabana "klik", mteja anaridhika, kisha risasi inateleza mbele na nyuma humo ndani au inagusa ukuta. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye magazini. Na tafadhali, magazini kupokea risasi hakuna maana kwamba chemba ya bunduki yako imeiruhusu. Kaliba iliyoandikwa kwenye mtutu ndiyo inayotawala. Kukosea hapo kunaweza kukugharimu jicho au mkono.

Kwa bunduki zinazopiga teke kubwa, angalia ncha za risasi zilizobaki. Kila mlio, zile zilizomo hurushwa na kugonga ukuta wa mbele. Risasi zenye ncha laini ya madini ya risasi hubonyea na kuwa butu, na ncha butu inaweza kukamata kwenye njia ya kuingilia chemba. Ukuta wa plastiki nao huchimbika taratibu. Ukiwa na risasi moja inayokaa chini ya magazini kila siku na haipigwi, itoe uitazame.

Maoni yetu, na mtu yuko huru kubishana nasi: kwa nyati, tembo au simba, ambako kaliba inayoanzia ni .375, tunapendelea kisanduku cha chuma kisichochomoka, na bolti ya mtindo wa Mauser wa mwaka 1898 inayoikamata risasi kwa ukucha mara inapotoka kwenye magazini. Sababu si plastiki. Ni kwamba magazini ya kuchomoa inaweza kuchomoka. Pia, bolti isiyokuwa na ukucha huo huisukuma risasi ikiwa huru. Mtu akiogopa, akavuta nusu na kusukuma tena, anajikuta na risasi mbili zinagombea mlango mmoja. Kwa pofu, swala na ngiri wa shambani, magazini ya plastiki inatosha kabisa.

Usafi. Vumbi letu la Simanjiro na Natron ni laini kama unga wa ngano, na likikutana na mafuta ya bunduki linakuwa uji. Magazini haihitaji mafuta ndani. Ifungue, ifute kwa kitambaa kikavu au brashi ndogo, futa springi, irudishe. Kama unahofia kutu kwenye springi, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo sana kisha kifute kwa kikavu. Usitumie petroli, tina wala ile dawa ya kupulizia ya kusafishia breki. Plastiki nyingine huzivumilia, nyingine hupata nyufa ndogondogo. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET nayo haifai kugusana na vifaa vya plastiki. Nailoni huistahimili, lakini huwezi kujua kila sehemu ya magazini yako imetengenezwa na nini, na plastiki kadhaa hulainika zikiguswa nayo. Paka, nawa viganja, ndipo ushike silaha.

Tunaulizwa pia kwa nini magazini iliyokuwa ikidondoka yenyewe ukibonyeza komeo, sasa inang'ang'ania. Nailoni hunywa unyevu wa hewani. Ile tupu isiyo na nyuzi za kioo, kwenye hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 50, hufyonza maji kiasi cha asilimia 2.5 hivi ya uzito wake, na huvimba kidogo. Yenye nyuzi hufyonza pungufu. Kuvimba huko hakuonekani kwa macho, lakini magazini iliyotengenezwa ikiwa ya kubana sana inaweza kukaa miezi miwili Dar es Salaam ikarudi Arusha ikiwa ngumu kutoka, kisha ikalegea yenyewe kiangazi cha Oktoba. Kwa hiyo usikimbilie msasa wakati wa masika. Ulichokisugua hakirudi, na ikikauka utabaki na magazini inayochezacheza.

Magazini za kuiga zina ugomvi wao. Mara nyingi hubaki na ukingo mwembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na huo tunaweza kuukwangua. Tusichoweza kurekebisha ni mwinamo wa midomo uliokosewa tangu kiwandani. Zile zinazochapishwa kwa mashine za 3D tumeanza kuziona pia. Plastiki yake imepangwa tabaka juu ya tabaka, na midomo huelekea kukatika pale tabaka zinapoungana. Kwa kupimia kimo kwenye meza ya fundi zinafaa.

Nyumbani unaweza kufanya jambo moja kubwa: zipe magazini zako namba kwa rangi, na bunduki ikikwama uandike ni namba ngapi. Ikisumbua namba 2 pekee, bunduki haina kosa. Zikisumbua zote, tuanze na bunduki, au na risasi. Kupima mzunguko kwa risasi halisi nyumbani, hapana. Sisi hutumia risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, na majaribio ya kupiga hufanyika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Ikikwama ukiwa porini, elekeza mtutu mahali salama, toa magazini kwanza, ndipo uvute bolti. Picha ya simu kabla ya kutoa risasi hutusaidia sana, ila ipigwe tu ikiwa hali inaruhusu na kidole kiko mbali na kifyatulio.

Ukija karakana, njoo na leseni, bunduki ikiwa tupu na bolti imetolewa, pamoja na risasi chache za aina unayotumia zikiwa kwenye pakiti yake, zimebebwa kando. Kutazama na kupima hatutozi. Unalipia tukibadilisha springi, komeo au kusahihisha kitako. Magazini halisi zinatoka nje ya nchi na karatasi zake zina safari yake, kwa hiyo anayeagiza Februari hulala vizuri kuliko anayeagiza Juni. Na kama una magazini mbili, moja inasumbua na nyingine haina neno, tuletee zote mbili. Ile nzima ndiyo tutakayopimia mbovu.